Usiku Ulioanikwa Juani

Niseme mapema ili tusisumbuane: mkanda ule ulikuwa mbovu. Mimi ni fundi wa kanda za video, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na ubovu naujua kwa majina yake yote. Kuna ubovu wa ukungu. Kuna ubovu wa mkanda uliovutika mpaka watu wanaongea kama wamelewa. Kuna ubovu wa nakala iliyotolewa kwenye nakala, hadi huwezi kusema farasi anaishia wapi na mpandaji anaanzia wapi. Wateja wananiita Fundi Chenga, na hawanitukani. Mtu ana harusi yake ya zamani inayoonyesha chenga tupu, ananiletea, naisafisha, naihamishia kwenye diski, anaondoka anafuta machozi.

Huu ninaousema niliuokota kwa muuza vitu vya mitumba, umelala kati ya pasi iliyokatika waya na redio isiyo na mfuniko. Juu yake paliandikwa "Mgeni wa Bonde Kavu", na chini yake, kwa herufi kubwa, "PICHA SAFI, SAUTI SAFI". Uongo mtupu. Sauti ilikuwa ya watu waliofungiwa ndani ya pipa. Picha ilikatwa pembeni ili ienee kwenye televisheni za zamani, kwa hiyo wanaume wawili wakikaa kujadiliana unaona pua moja huku, pua moja kule, na katikati meza peke yake inasikiliza. Rangi zote zilikuwa zimeelemea kwenye wekundu, nyasi nyekundu, maziwa mekundu. Mlima wa nyuma ulikuwa pazia lililochorwa, na upepo ukivuma mlima unapumua. Jambazi mkuu alikuwa amevaa saa ya mkononi.

Picha za kikauboi za namna hiyo nazipenda, na simuombi mtu radhi. Waliozitengeneza walikuwa watu wenye farasi sita na machimbo ya kokoto, wakasema na sisi tutatengeneza picha, wakatengeneza. Majambazi ishirini ni wale sita wanaozunguka mwamba mmoja. Farasi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso anapita mara nne. Anayecheka anionyeshe yeye katengeneza nini.

Niliununua kwa ajili ya mama. Alikuwa anatimiza miaka sabini na minne, na picha hiyo alikuwa akiitaja tangu tukiwa wadogo. Alifanya kazi kwenye jumba la sinema miaka kumi na moja kabla ya kutuzaa, na sisi watoto tulijua tu kwamba "mama alikuwa sinema", basi. Mimi nilidhani alikuwa anakata tiketi. Hata nilipokuja kuwa fundi wa picha, sikuwahi kumuuliza. Ndiyo hivyo, mtu wa ndani humuulizi, unadhani unamjua.

Niliufanyia kazi siku tatu. Niliupangusa, nikaupitisha kwenye deki yangu nzuri, nikauingiza kwenye kompyuta, nikapunguza wekundu, nikafuta madoa. Nina programu ya kufuta madoa, lakini siiamini. Mengine nayafuta mwenyewe, moja moja. Kulikuwa na vidoa pembeni kabisa, juu kulia, ambavyo fundi mvivu angeviacha. Mimi niliviondoa vyote. Nilijisifu peke yangu dukani kama mwendawazimu.

Jumapili alasiri tukakusanyika sebuleni kwa mama. Nyumba yake ina vyumba vitatu na ua mdogo wa kuanikia nguo, na anaishi humo peke yake tangu baba afariki. Alikuwepo kaka yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kukaa na watu watatu bila kufungua kikao. Alikuwepo mke wake, wifi yangu, na mjomba, mdogo wake mama, mtu wa kusinzia popote penye mto. Nikaweka diski.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka steringi, yule shujaa wa picha, alipotoka kibandani. Alishika taa ya kandili. Akatembea kwa ncha za vidole, mkono mmoja mbele, akipapasa hewa. Jua lilikuwa limesimama juu ya kofia yake, la saa sita hasa, na kivuli chake kiko miguuni kimejikunja. Mwenzake akanong'ona: "Giza hili! Hata mkono wangu siuoni."

Tulicheka mpaka wifi akamwaga chai. Mjomba, aliyeshtuka usingizini, alicheka bila kujua tunacheka nini.

"Mnacheka nini?" mama akauliza.

"Mama, si huyo!" Mwenyekiti akasema, akijifuta macho. "Anatafuta njia kwa kandili na jua linamchoma utosi!"

"Jua liko wapi? Hapo ni usiku."

Kicheko kikaisha kipande kipande. Kaka akaweka kikombe chini.

"Mama. Hapo unaona usiku?"

"Hapo ni usiku," mama akasema. "Usiku wa manane. Jambazi amelala, steringi anakwenda kumwibia bunduki."

Kaka akanigeukia. Nakumbuka sauti yake ilivyokuwa ya upole, ule upole wa mtu anayeogopa. "Fundi. Wewe ndiye mtaalamu wa picha hapa. Hapo ni mchana au ni usiku?"

Nikasimamisha picha. Nikainuka, nikaenda mpaka kwenye televisheni, nikaweka kidole juu ya kioo. "Ni mchana, mama," nikasema. "Angalia kivuli."

Mama hakuangalia kivuli. Aliniangalia mimi, kwa muda ambao ningependa kuusahau. Halafu akasema, "Haya," na mpaka picha inakwisha hakufungua mdomo tena. Tulipoaga alinishukuru kwa zawadi kwa heshima zote, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Kaka yangu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye mipango, na hilo lina ubaya wake. Jumanne alinipigia simu akaniambia amekuwa akiandika. Mwezi uliopita mama aliunguza sufuria. Mwezi huu amemwita wifi kwa jina la shangazi, mara mbili. Na sasa anaona usiku mchana kweupe. Alikuwa ameshapanga: mama ahamie kwake, chumba cha nyuma, nyumba ifungwe, funguo zikae kwake. Jumapili inayokuja kikao, sote tutaweka sahihi.

"Sufuria hata mimi naunguza," nikasema.

"Na usiku?" akauliza. "Si wewe mwenyewe umethibitisha? Nimeshakuandika kwenye muhtasari."

Nilijua chumba hicho cha nyuma. Dirisha lake linatazama ukuta. Nilijua pia kwamba mama akitoka kwenye nyumba ile hatarudi, maana nyumba zinazofungwa "kwa muda" huwa hazifunguliwi. Lakini macho yangu yalikuwa yameona jua, na mimi kazi yangu ni macho.

Kesho yake kaka alikwenda kumpima, kaambiwa na mtu kwamba wazee wanapimwa kwa maswali. Wifi ndiye aliyenisimulia, kwa aibu.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Siku ya wewe kuwa kazini."

"Tuko mwaka gani?"

"Mwaka wa watoto kuwapa wazazi mtihani."

"Mama, mimi nakuuliza kwa nia njema."

"Na mimi nakujibu kwa nia hiyohiyo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimekuomba zako?"

Kaka akaandika, "Hajibu maswali moja kwa moja." Niliposikia nilicheka, kisha nikamkasirikia mama. Kwa nini asitaje tu siku, yaishe? Kwa nini asiseme tu kwamba alikosea, macho yake hayako vizuri? Neno dogo tu lingemwokoa, na alikuwa analikalia kwa kiburi.

Alhamisi mjomba akanipigia, anataka nakala ya ile picha. Diski niliyompa mama sikuwa nayo, na kwenye kompyuta nilikuwa nimeshaifuta, kwa hiyo nikautoa mkanda wenyewe rafuni, nikauweka kwenye deki, nikaacha uende. Safari hii sikusafisha kitu. Nilikuwa nakunywa chai na kuangalia kwa jicho moja.

Sekunde chache kabla ya steringi kutoka na kandili, juu kulia, doa likatokea. Lilitokea na kutoweka. Nilikuwa nimeshalifuta mara moja, sikulijali. Lakini steringi aliporudi kibandani, mahali palepale, likatokea jingine.

Nikaweka kikombe chini. Nikarudisha nyuma, nikasogeza picha moja moja kwa kitufe. Lile la kwanza halikuwa doa. Ilikuwa mikwaruzo miwili midogo, iliyosimama wima, sambamba, imekwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Lile la pili lilikuwa mkwaruzo mmoja.

Uchafu una tabia zake. Uchafu hauna adabu ya kukaa mahali pamoja. Hauanzi kwa miwili na kufunga kwa mmoja. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, na mikwaruzo ile nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu, nikajisifu. Nikafunga duka saa nne asubuhi, nikaandika mlangoni "Nimetoka", nikaenda kwa mama.

Alikuwa uani anaanika mashuka. Hakugeuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo hakuna wateja?"

"Mama, kule sinema ulikuwa unafanya kazi gani?"

Akabana kibanio, akachukua kingine. "Una umri gani wewe?"

"Arobaini na sita."

"Umechukua muda," akasema.

Kisha akaniambia, bila kuacha kazi, nami nikawa nampa vibanio. Alikuwa chumba cha juu, kwenye mashine ya kuonyeshea picha. Fundi mkuu aliendesha, yeye msaidizi. Yale makampuni madogo ya picha hayakuwa na taa za kuangaza bonde zima usiku, kwa hiyo usiku wao waliupiga mchana. Makampuni makubwa nayo yalifanya hivyo, ila wao walikuwa na maabara ya kuipaka filamu buluu mpaka jua likafanana na mbalamwezi. Hawa hawakuwa na maabara. Waliituma filamu kama ilivyo, na ndani ya kasha wakaweka kioo cha buluu chenye fremu ya mbao, ukubwa wa sahani, na barua. Ukiona mikwaruzo miwili, weka kioo mbele ya lenzi. Ukiona mmoja, ondoa.

"Fundi mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mashine," akasema. "Kioo kilikuwa changu. Ukikiweka kwa papara, watu wanaona kinapita, wanapiga miluzi. Ukichelewa, usiku unaingia steringi ameshafika. Nilijifunza kukiteremsha taratibu, kuanzia juu, kama giza lenyewe linavyoingia." Akanionyesha kidole gumba na cha shahada. Ngozi ya nchani ilikuwa nyororo, haina mistari. "Taa ile ilikuwa moto. Hapa mpaka leo sisikii kitu. Sufuria nikiishika hapa sijui kama ina moto au haina."

Nikaikumbuka sufuria ya kwenye orodha ya kaka.

"Watu mia nne chini," mama akasema. "Wanakula, wanapiga kelele, wanagombana. Nikiteremsha kioo wananyamaza. Mia nne, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nauleta usiku."

"Mama, kwa nini hukusema siku ile?"

Hapo ndipo aligeuka, na nikaona kwamba alikuwa na hasira ambayo haikupungua hata chembe tangu Jumapili.

"Nijitetee? Kwenye nyumba yangu, kwenye kiti changu, kwa watoto niliowafundisha kufunga vifungo? Nilisema hapo ni usiku. Mtu mwenye adabu angeuliza, 'Kwa nini, mama?' Nyinyi mlinipima. Na wewe, fundi, ukaniwekea kidole kwenye kioo, ukaniambia niangalie kivuli."

Nililia. Sioni haya kusema. Nilimwambia kuhusu mikwaruzo, kwamba niliifuta yote, nikidhani nasafisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali la kifundi, kwa sauti ya fundi.

"Umefuta sehemu ngapi?"

"Sikumbuki. Nilifuta tu."

"Usiku uko sehemu nne. Wa kwanza ni huo wa kandili. Wa pili, mjane anazika fedha. Wa tatu ni mfupi, ukipiga chafya umekupita. Wa nne ni wa moto zizini, na huo mgumu, maana unaondoa kioo katikati, moto ukiwaka, halafu unakirudisha. Nenda kahesabu. Jumapili njoo na mkanda, usije na diski yako."

Nikarudi dukani, nikahesabu. Ilikuwa sehemu nne. Wa tatu ulikuwa sekunde tisa. Kwenye moto zizini kulikuwa na miwili, kisha mmoja, kisha miwili, kisha mmoja. Tangu picha hiyo ionyeshwe mara ya mwisho ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne, na mimi asubuhi ileile nilishindwa kukumbuka nilichofuta wiki iliyopita.

Jumapili Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa kamili. Alikuwa na karatasi zake ndani ya jalada la plastiki ya buluu, ile laini inayopitisha mwanga, na kalamu mbili. Wifi alikaa anatazama sakafu. Mjomba, kwa mara ya kwanza, hakusinzia.

"Mama, hapa sote tunakupenda," kaka akaanza. "Penye wengi hapaharibiki neno."

"Penye wengi pana mengi," mama akasema. "Endelea."

Akasoma. Sufuria. Jina la shangazi. Kutojibu maswali. Kisha: "Nne, mama aliona usiku mahali penye mchana. Fundi, ambaye ni mtaalamu, alithibitisha kuwa ni mchana."

"Futa hiyo," nikasema.

"Dada, subiri, maoni yatakuja baadaye."

"Siyo maoni! Futa!" Nilikuwa nimesimama, na sauti yangu ilinishtua mwenyewe. "Fundi hakuthibitisha kitu. Fundi alikosea. Fundi aliona alama akadhani ni uchafu, akazifuta, akamletea mama yake mzazi picha iliyofutwa akili, halafu akamwambia yeye ndiye hana akili. Andika hivyo! Miaka kumi na tisa ya kazi, andika!"

Kaka akabaki na kalamu hewani. Nikaunganisha deki kwenye televisheni ya mama, ile ndogo ya zamani, nikaweka mkanda. Wekundu, mapipa, pua mbili na meza. Mama akainuka, akafunga mapazia. Akamwendea kaka, akatoa karatasi zake zote kwenye jalada, akazipanga vizuri mapajani kwa kaka, akaondoka na jalada.

"Mama, hilo ni..."

"Narudisha."

Alisimama kando ya televisheni. Hakuiangalia kwa mbele kama sisi. Aliiangalia kwa pembe, akisikiliza. Mlango wa kibanda ukalia. Mikwaruzo miwili ikatokea juu kulia, sote tukaiona, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kushuka. Jalada liliingia kutoka juu, taratibu, bila kutikisika, na lilitosha kioo cha televisheni ile.

Usiku ukaingia. Sina namna nyingine ya kulisema. Jua likawa mbalamwezi. Kivuli kile nilichokiwekea kidole kikawa kivuli cha mwezi. Kandili, ambayo juani ilikuwa kichekesho, ikawaka, na steringi hakuwa tena mjinga anayepapasa hewa. Alikuwa mtu mmoja gizani anayeweza kuuawa. "Giza hili," mwenzake akanong'ona. "Hata mkono wangu siuoni." Hakuna aliyecheka. Mjomba alivuta pumzi kwa sauti.

"Nakumbuka," mjomba akasema polepole. "Nilikuwa mdogo. Ilikuwa hivyo hivyo. Dada, kumbe ulikuwa wewe kule juu?"

"Nyamaza, kuna watu wanaangalia," mama akasema.

Mkwaruzo mmoja ukatokea. Akaondoa jalada, na pakapambazuka.

Alitaja kila usiku kabla haujafika. Kwenye moto zizini alitoa, akarudisha, akatoa, na mara ile ya pili nilimwona kaka anashika mdomo. Picha ilipokwisha nikazima. Wifi alikuwa analia kimyakimya, na Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya ajenda yote, tangu sufuria mpaka chini.

"Mama," akasema, "ulikuwa usiku. Nimekosea. Akili zako ziko sawa kuliko zetu. Kikao kimefungwa."

Nilishusha pumzi. Wifi akainuka kwenda kuchemsha chai. Kwangu mimi yalikuwa yamekwisha. Tumeshinda, twende nyumbani.

"Kaa chini," mama akasema. "Wote. Sijamaliza."

Tukakaa. Yeye hakukaa. Bado alikuwa ameshika lile jalada la buluu.

"Leo nimekumbuka," akasema. "Nimekumbuka kwa sababu ilikuwa kazi yangu, na mikono haisahau. Mmefurahi, mmenipa cheti. Sasa nawauliza. Ipo siku nitasahau kweli. Nitasema ni usiku, na itakuwa mchana. Hakutakuwa na mkanda wa kunitetea, wala fundi wa kusimama kupiga kelele. Siku hiyo nyumba hii itakuwa ya nani?"

Mimi niliona aibu upya, maana hata mimi, na kelele zangu zote, nilikuja kuthibitisha kwamba ana akili. Sikuja na jambo lingine.

"Mama," kaka akasema, "siku hiyo ikifika, tutaona..."

"Hatutaona. Sema."

"Dada," mjomba akaingilia, "mtoto anajitahidi."

"Namuona anajitahidi. Ajitahidi zaidi kidogo."

Kaka yangu aliangalia karatasi iliyopigwa mstari. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na ajenda. "Yako, mama," akasema. "Itakuwa yako."

"Nikiwa na akili?"

"Ukiwa na akili."

"Na nisipokuwa nazo?"

"Hata usipokuwa nazo."

"Andika."

Akageuza karatasi, akaandika nyuma. Nilipoona herufi zake zinavyopinda hasira yangu juu yake ikaniisha. Aliweka sahihi, akampa mjomba, mjomba akampa wifi, wifi akanipa mimi. Nikaweka yangu, nikamrudishia. Kaka hakuipokea mara moja. Alikuwa anamwangalia mama, na mtu mzima yule, wa vikao na kalamu mbili, alikuwa ana uso wa mtoto.

"Na sisi tukiogopa, mama?" akauliza. "Mimi silali. Naona sufuria inawaka, naona uko humu peke yako, hakuna mtu. Tukiogopa tufanye nini?"

Mama alimsogelea. Nilidhani atamshika bega, lakini alichukua karatasi, akaisoma yote mpaka sahihi ya mwisho, kisha akaiweka tena mbele yake.

"Mkiogopa," akasema, "njooni muogopee hapahapa. Vitanda vipo."

Kaka akauliza kama na hilo aliandike.

"Hilo ndilo la kuandika," mama akasema.